Gemu Nne Zilizohukumiwa Isivyo Haki: Uanze na Ipi?

Mtu anayetaka kununua gemu huanza kwa kuangalia alama. Akikuta 90 hutoa fedha bila kusita, akikuta 70 hupita kama anavyopita duka lililofungwa, na mara chache hujiuliza alama hiyo ilitolewa siku gani, kwa toleo lipi la gemu, na mhakiki alipata saa ngapi za kucheza kabla ya kuandika. Nimechagua gemu nne ambazo, kwa maoni yangu, hazikutendewa haki: Alien: Isolation ya mwaka 2014, Mad Max ya mwaka 2015, Prey ya mwaka 2017 na Days Gone ya mwaka 2019. Zote zimekwishashuka bei na zote bado zinapatikana, kwa hiyo mwenye fedha ya kununua moja tu anahitaji kujua aanze na ipi.

Sidai kwamba gemu hizi hazina kasoro. Kila moja inazo, na nitazitaja, kwa kuwa mnunuzi anayefichwa kasoro naye hatendewi haki. Ninachosema ni kwamba hukumu ilikosea mahali pa kuweka uzito: ama ililaumu kasoro iliyorekebishwa baadaye huku alama ikibaki palepale, ama ililaumu kitu ambacho ndicho kiini cha gemu yenyewe, kama mtu anayeagiza pilipili kisha akalalamika kwamba inawasha. Ili ulinganisho uwe na maana nimezipanga mbili mbili. Alien: Isolation na Prey zote zinakufungia ndani ya kituo cha anga kilichoharibika pamoja na viumbe wasiokutakia mema, Mad Max na Days Gone zote zinakupa chombo kimoja cha usafiri na nchi pana iliyokufa, kisha zinakuachia utafute petroli mwenyewe. Anayependa jozi ya kwanza si lazima apende ya pili, na ndani ya kila jozi tofauti ni kubwa kuliko zinavyoonyesha picha za matangazo.

Kwenye kituo cha anga: Alien: Isolation na Prey

Alien: Isolation ilitengenezwa na Creative Assembly, kampuni ya Horsham nchini Uingereza iliyojulikana kwa mfululizo wa Total War, gemu za vita ambamo mchezaji huamuru maelfu ya askari kwa wakati mmoja. Safari hii walifanya kinyume kabisa: adui mkuu ni kiumbe mmoja tu, hauawi, na wewe huna jeshi. Unamwongoza Amanda Ripley, binti wa mhusika mkuu wa filamu ya Alien ya mwaka 1979, anayekwenda kwenye kituo cha Sevastopol mwaka 2137 kutafuta habari za mama yake aliyepotea miaka 15 kabla. Gemu ilitoka tarehe 7 Oktoba 2014, na hewa ilikuwa imekwishachafuka, kwa kuwa mwaka uliotangulia Sega, wachapishaji walewale, walikuwa wameuza Aliens: Colonial Marines, gemu ya kupiga risasi iliyowaudhi wengi walioinunua. Kazi ya studio nyingine kabisa ikawa mzigo wa studio hii. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Wahakiki waligawanyika kwa namna inayotokea mara chache. PC Gamer walitoa 93 kwa 100, IGN wakatoa 5.9 kwa 10, na GameSpot wakatoa 6 kwa 10. Waliotoa alama za chini walilalamikia mambo mawili makubwa: kwamba gemu ni ndefu mno, na kwamba kiumbe huyo huua ghafla, hatabiriki, na mchezaji hujikuta akirudia kipande kilekile mara nyingi. Lalamiko la kwanza lina ukweli. Gemu huchukua takriban saa 18 hadi 20, na baada ya katikati kuna kipande ambamo unashughulika zaidi na maroboti yaitwayo Working Joe kuliko na kiumbe mwenyewe. Hapo kamba inalegea, na mkono wa mhariri mkali ungesaidia.

Lalamiko la pili ndilo ninaloliona kuwa dhuluma. Watengenezaji waliipa gemu akili mbili. Ya kwanza inajua wakati wote mahali ulipo, lakini kazi yake ni kumdokezea kiumbe upande wa kuelekea tu, na kumwondoa pale inapoona umebanwa kwa muda mrefu. Ya pili ni ya kiumbe mwenyewe, na hiyo haijui ulipo: inakutafuta kwa macho na masikio yake, na mbinu zake huongezeka kadiri unavyoendelea. Ndiyo maana hakuna njia ya kukariri. Ukifa ukarudi, kiumbe anaweza kupita mlango mwingine. Mhakiki mwenye tarehe ya kuwasilisha makala anaona hali hiyo kama ukuta. Mchezaji aliyeketi nyumbani Jumamosi usiku anaiona kama hofu aliyoinunua.

Chukua mfano wa kuhifadhi mchezo. Katika gemu nyingi jambo hili ni kubonyeza kitufe tu. Hapa ni lazima ufike kwenye kisanduku cha ukutani, uingize kadi, kisha usubiri taa tatu ziwake moja baada ya nyingine, na katika sekunde hizo chache mgongo wako umeelekea kwenye ujia. Kifaa cha kunasa mwendo kilikuwa kimya ulipokuwa unakikaribia kisanduku. Sasa kinaanza kulia. Taa ya kwanza imewaka, ya pili imewaka, juu ya dari kuna kitu kinatambaa ndani ya bomba la hewa, na ya tatu bado. Nimecheza gemu nyingi za kutisha zenye damu na makelele kuliko hii, lakini hakuna nyingine iliyonifanya nishike pumzi kwa ajili ya tendo la kawaida kiasi hicho. Watengenezaji walikosea jambo moja: gemu yenyewe ilimshauri mchezaji achague kiwango kigumu. Usiufuate ushauri huo mara ya kwanza. Baadaye waliongeza bila malipo kiwango chepesi kwa wanaoanza, na kukichagua si aibu.

Prey, kwa upande wake, iliumizwa na jina kabla ya mtu yeyote kuicheza. Mwaka 2006 kulikuwa na gemu nyingine iitwayo Prey, kazi ya Human Head Studios, na wapenzi wake waliahidiwa sehemu ya pili ambayo walisubiri miaka mingi hadi ilipofutwa rasmi mwaka 2014. Wachapishaji Bethesda walipolichukua jina hilohilo na kulibandika kwenye gemu mpya ya studio ya Arkane ya Austin, Texas, isiyohusiana na ile ya kwanza kwa hadithi wala kwa uchezaji, wale waliosubiri waliiona kama mtoto aliyepewa urithi wa mwenzake. Raphaël Colantonio, mwanzilishi wa Arkane aliyeiongoza kazi hiyo, alikuja kusema hadharani kwamba yeye hakulitaka jina hilo. Kwa hiyo waliolikasirikia walikuwa na hoja, ila waliielekeza kwa watu wasiohusika.

(Wachezaji wamewahi kufanya hivi hata bila kisa cha jina. Nintendo walipoonyesha mwaka 2001 sura mpya ya Zelda, katika gemu iliyokuja kuitwa The Wind Waker, wengi waliikataa papo hapo kwa kuwa Link, shujaa wake, alichorwa kama katuni, wakati hakuna aliyekuwa ameshika pedi kuijaribu. Leo sura hiyohiyo ndiyo inayoifanya isionekane kuukuu, wakati gemu nyingi za umri wake zilizotafuta uhalisia zimezeeka vibaya.)

Kuna jambo la pili lililoiumiza Prey. Mwaka 2016 Bethesda walitangaza kwamba wangekuwa wanawapa wahakiki nakala siku moja tu kabla ya gemu kutoka. Prey ilitoka tarehe 5 Mei 2017, na hukumu nyingi zikaandikwa mbiombio huku wasomaji wakisubiri. Katika hali hiyo mhakiki wa IGN aliyecheza kwenye kompyuta alikumbwa na hitilafu iliyoharibu faili zake za mchezo, asiweze kuendelea, na gemu ikapewa 4 kwa 10. Hitilafu iliporekebishwa, alama ilipandishwa hadi 8. Simlaumu aliyesema ukweli wa yaliyomkuta. Mnunuzi wa wiki ile alistahili kuonywa. Lakini ile 4 ndiyo iliyosambaa, na marekebisho hayasafiri kwa kasi ya shutuma.

Na gemu yenyewe? Wewe ni Morgan Yu, mwanasayansi kwenye kituo cha Talos I kinachouzunguka mwezi, na viumbe waitwao Typhon wamevunja kizuizi. Walio wadogo huweza kujigeuza kitu chochote cha kawaida. Unaingia ofisini, unaona juu ya meza vikombe viwili vya kahawa, na unakumbuka kwamba ofisi hiyo ni ya mtu mmoja. Unainua spana. Kikombe kimoja kinatetemeka. Baada ya saa mbili za namna hii unajikuta unapiga viti, mapipa na taa zisizo na hatia, na hakuna gemu nyingine ninayoijua iliyokifanya kiti kitupu kuwa tishio.

Uzuri wake mkubwa zaidi uko kwenye uhuru. Silaha ya kwanza ya maana unayopata, GLOO, haiui: inarusha povu linaloganda kama gundi nene. Unaweza kumgandisha adui, kuzima moto, kuziba bomba la gesi, au kutengeneza ngazi ukutani ukapanda hadi ghorofa ambayo mlango wake umefungwa. Kuna pia upinde wa kuchezea unaorusha vishale laini. Watu huucheka hadi wanapogundua kwamba kishale kikipita kwenye tundu la dirisha kinaweza kugusa kioo cha kompyuta upande wa pili na kufungua mlango. Kisha kuna wafanyakazi wa kituo. Kila mmoja ana jina, na kwenye vituo vya ulinzi unaweza kumtafuta mmoja mmoja ukajua yuko wapi, hai au maiti. Unasoma barua zao, unajua nani alikuwa anampenda nani, kisha unamkuta mwenye barua amelala kwenye ukumbi uliokuwa unataka kuuvuka haraka. Kasoro yake ni mapigano, ambayo ni mazito mwanzoni kwa kuwa risasi ni chache na maadui weusi hawaonekani vizuri gizani. Arkane ya Austin ilifungwa Mei 2024, na jambo hilo linaniuma kila ninapoifungua gemu hii.

Kwa hiyo ukiziweka bega kwa bega, Alien: Isolation inakunyang'anya uwezo na Prey inakurundikia. Ile ya kwanza ina jibu moja kwa karibu kila tatizo, nalo ni kujificha na kuwa na subira. Ya pili ina majibu matano kwa mlango mmoja. Kwa hofu tupu, Alien haina mpinzani hapa. Kwa kurudia mara ya pili, Prey iko mbele sana, kwa sababu ukichagua njia nyingine unapata gemu nyingine. Hukumu dhidi ya Alien ilitoka zaidi kwa wahakiki, na dhidi ya Prey ilitoka zaidi kwa wanunuzi ambao hawakufika dukani.

Barabarani: Mad Max na Days Gone

Mad Max, kazi ya Avalanche Studios ya Stockholm, ilitoka nchini Marekani tarehe 1 Septemba 2015, siku ileile ilipotoka Metal Gear Solid V: The Phantom Pain, moja ya gemu zilizosubiriwa kuliko zote mwaka ule. Mtu mwenye fedha ya gemu moja hakuhitaji kufikiri mara mbili. Wastani wa alama kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, kwa toleo la PS4 ni 69, na neno lililojirudia katika hukumu ni marudio: kambi za kuvamia, sanamu za kuangusha, mabomu ya ardhini ya kutegua, eneo baada ya eneo. Wachezaji wa kompyuta, ambao hawakuwa na haraka hiyo, wametoa hukumu nyingine kabisa kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ambako zaidi ya watu tisa kwa kila kumi wanaisifu.

Marudio yapo, siwezi kuyakana. Hata hivyo wahakiki waliihesabu orodha ya kazi na kulisahau gari. Gari ndilo mhusika mkuu, linaitwa Magnum Opus, na fundi wake, Chumbucket, kibiongo anayelitazama gari kama kitu kitakatifu, hukaa nyuma yako safari nzima, akilitengeneza unaposhuka na kushika chusa unapoendesha. Chusa hiyo ndiyo iliyonifunga. Unafukuza msafara jangwani, vumbi limejaa kioo, unalenga tairi la gari la mbele, chusa inazama kwenye rimu, unapiga breki, na tairi linang'oka huku gari likipinduka mara tatu. Unaweza kuung'oa mlango, na mlango ukitoka unaweza kumvuta dereva mwenyewe. Fedha ya nchi hiyo ni vyuma chakavu. Unavikusanya, unanunua injini, bampa na bomba la moshi lenye kelele zaidi, na kila badiliko unalihisi kwenye usukani kabla hujaliona. Kisha dhoruba inakuja: anga inageuka rangi ya kutu, mabati yanaruka, na ni juu yako kukimbilia ngomeni au kubaki ukiokota vitu vya thamani huku radi inakusaka. Sikumbuki hadithi yake vizuri, kwa sababu ni nyembamba, lakini nakumbuka kila dhoruba.

Days Gone ilianza vibaya kwa sababu yake yenyewe. Bend Studio, watu wa mji wa Bend katika jimbo la Oregon, waliitoa tarehe 26 Aprili 2019 kwenye PS4 ikiwa na hitilafu nyingi: picha zilikwama, sauti ilikatika, pikipiki ilizama ardhini. Wastani wake ni 71. John Garvin, aliyeiandika hadithi, alipozungumzia hadharani sababu za alama hizo alitaja kwanza hitilafu za kiufundi, ndipo akawalaumu wahakiki kwamba baadhi yao hawakujisumbua kuicheza sawasawa. Mpangilio huo wa sababu nauona kuwa wa haki. Hukumu ya wiki ya kwanza ilistahili. Isiyostahili ni kuirudia hukumu hiyo leo, baada ya miezi ya marekebisho, baada ya kuongezwa hali mpya za uchezaji bila malipo mwaka uleule, na baada ya toleo la kompyuta la Mei 2021, ambalo tangu mwanzo lilikuwa imara na ambalo wachezaji wa Steam wamelipa sifa za juu. Mwezi uliotangulia toleo hilo, Bloomberg waliripoti kwamba Sony, wachapishaji wake, walikuwa wamekataa pendekezo la sehemu ya pili, na sidhani kwamba ile 71 haikuwa na mkono humo.

Unaendesha pikipiki kama Deacon St. John, mwanachama wa zamani wa genge la waendesha pikipiki la Mongrels, miaka miwili baada ya ugonjwa kuwageuza watu wengi kuwa Freakers. Mke wake, Sarah, alipandishwa helikopta akiwa amejeruhiwa, na Deacon akabaki chini na rafiki yake Boozer. Pikipiki ya mwanzo ni mbovu: tangi dogo, injini dhaifu, na ukiishiwa petroli katikati ya msitu unatembea kwa miguu na dumu mkononi, usiku, wakati ambapo Freakers hutoka mapangoni kutafuta maji na chakula. Wahakiki wengi walikiita kipindi hiki kuwa cha kuchosha. Mimi nadhani ndicho kinachompa mchezaji sababu ya kuipenda pikipiki baadaye. Hata kuwasha jenereta kwenye kituo cha serikali kilichoachwa kuna utaratibu wake: unazunguka kwanza jengo zima, unatafuta vipaza sauti vilivyofungwa ukutani, unavikata kimoja kimoja, kwa sababu umeme ukirudi na kimoja kikiwa kizima, tangazo la zamani litalia na kuwaita Freakers wote wa jirani. Nimewahi kukisahau kimoja kilichokuwa juu ya paa, na sijakisahau kingine tangu siku hiyo.

Kisha kuna makundi makubwa. Gemu nyingi hukuonyesha maiti hai kumi wakikufukuza. Days Gone, kwenye kiwanda cha zamani cha mbao, inakuletea mamia kwa wakati mmoja, wanaomiminika madirishani na kwenye paa kama maji yaliyopata mfereji. Hushindi kwa risasi. Unashinda kwa kuwa ulifika mapema, ukatembea njia utakayokimbilia, ukaweka mabomu kwenye vijia vyembamba na ukaacha pikipiki imeelekea barabarani. Tatizo ni kwamba kazi hiyo inakuja katika theluthi ya mwisho ya hadithi inayochukua zaidi ya saa 30, na mtu aliyeacha katikati hakuiona. Sipuuzi lawama hiyo: gemu inayochelewesha kilicho bora namna hii inajidhulumu yenyewe, na mazungumzo ya redio ya Deacon, anayepiga kelele peke yake kana kwamba anagombana na msitu, yangepunguzwa nusu bila hasara.

Tofauti kati ya hizi mbili basi iko kwenye mwelekeo wa utamu. Mad Max hutoa kilicho bora mapema, ndani ya saa kumi za kwanza, kisha hupungua polepole; anayeilazimisha imalizike yote kwa wiki moja ataichukia. Icheze saa moja jioni, angusha msafara mmoja, zima. Days Gone huanza kwa uzito na kupanda hadi mwisho. Anayeionja kwa saa tano na kuamua atakuwa amehukumu utangulizi. Kwa hadithi na watu, Days Gone inashinda bila ubishi, hasa urafiki wa Deacon na Boozer. Kwa hisia za kuendesha, Mad Max inashinda, ingawa pikipiki ya Days Gone kwenye theluji inaikaribia.

Bando, umeme na mashine

Mambo haya wahakiki wa ng'ambo hawayaandiki, na kwetu ndiyo yanayoamua. Kwa mujibu wa mahitaji yaliyotajwa kwenye Steam, Prey inahitaji nafasi ya GB 20, Mad Max GB 32, Alien: Isolation GB 35 na Days Gone GB 70. Anayelipia bando kwa gigabaiti aone kwamba kuipakua Days Gone ni zaidi ya mara tatu ya kuipakua Prey. Kwa mashine, Alien ndiyo nyepesi kuliko zote, inaridhika na kumbukumbu ya GB 4 na kadi ya picha ya zamani. Mad Max inataka GB 6. Prey na Days Gone zinataka GB 8, na Days Gone inataka pia kadi yenye nguvu zaidi. Alien ina faida nyingine: tangu Desemba 2021 inapatikana kwenye simu za Android na iPhone ikiwa kamili, ingawa inahitaji simu yenye nguvu na nafasi kubwa. Days Gone haipo kwenye Xbox kabisa.

Kwa anayenunua diski za PS4 zilizokwishatumika, kuna onyo moja la muhimu. Diski ya Days Gone isiyounganishwa na intaneti kupata marekebisho ni ile gemu ya Aprili 2019, pamoja na matatizo yote waliyoyalalamikia wahakiki. Usiinunue kama huna njia ya kupakua marekebisho, la sivyo utakubaliana na ile 71.

Umeme ukikatika, gemu hizi hazikutendei sawa. Prey inakuruhusu kuhifadhi karibu mahali popote wakati wowote. Mad Max hujihifadhi yenyewe mara kwa mara, nawe huna la kufanya. Days Gone huhifadhi ukiwa karibu na pikipiki au kitandani. Alien: Isolation inakutaka ufike kwenye kile kisanduku cha ukutani, na jioni moja nilikuwa nimebakiza ujia mmoja, baada ya karibu nusu saa ya kutambaa chini ya meza za hospitali ya kituo, taa za mtaa mzima zilipozimika. Niliporudi kesho yake, ile nusu saa nzima ilikuwa imepotea. Kama huchezi kwenye kompyuta mpakato yenye betri nzima, liweke jambo hili kwenye hesabu yako.

Ipi kwa nani

Kama unacheza na wenzako sebuleni, mkipokezana pedi, chukua Mad Max. Mtazamaji anafurahi sawa na mchezaji, na hakuna hadithi ya kumpotea aliyechelewa. Kama una likizo ndefu, intaneti nzuri na subira, na unapenda hadithi ya watu waliopoteza wapendwa wao, chukua Days Gone, ukijiwekea ahadi ya kufika kambi ya Lost Lake kabla ya kutoa hukumu. Kama mashine yako ni dhaifu, au kama unataka kujua hofu inavyoweza kutengenezwa bila wingi wa maadui, chukua Alien: Isolation, uicheze peke yako na vipokea sauti masikioni. Kati ya zote nne hiyo ndiyo iliyodhulumiwa zaidi na wahakiki, na nafurahi kwamba Oktoba 2024 ilipotimiza miaka kumi watengenezaji walitangaza kwamba wameanza kuandaa sehemu ya pili.

Lakini kwa mtu nisiyemjua, mwenye fedha ya gemu moja, bando la kubana na umeme usioaminika, ninamwelekeza kwenye Prey. Ni ndogo kupakua, inahifadhi unapotaka, na inakuachia nafasi ya kufikiri kuliko nyingine yoyote hapa. Ninamwomba jambo moja tu: asitazame video yake wala kusoma hadithi yake popote kabla ya kuanza. Asubuhi ya kwanza ya Morgan Yu, kuanzia pale anapoamka kitandani hadi pale atakapoinua spana mbele ya kioo cha dirisha lake, ni kitu unachokutana nacho mara moja tu.